Unauza kitanda cha pembeni cha mtoto? Uliza urefu wa kitanda cha mama kwanza

Vile vitanda vidogo vya kuunganisha na kitanda cha mama vinatoka, lakini wengi tunatuma picha na bei, basi. Mteja akija inbox muulize: kutoka sakafuni hadi juu ya godoro lako ni sentimita ngapi? Kitanda cha mninga chenye godoro la inchi 10 kinakuwa juu. Cha mtoto kisipofika usawa huo, au mikanda isiposhika, panabaki uwazi, na kichanga akiteleza humo anabanwa, anakosa hewa. Hapo hakuna cha "itakaa tu dada". Vipimo vikikataa, usimuuzie.

Cha mtumba ndiyo ukikague hasa. Mikanda yote ipo? Godoro ni lake, gumu, halibonyei kama mto? Vile vya kumlaza mtoto kwa mwinamo usichukue hata kwa bei ya kutupa: mwaka 2019 Fisher-Price waliita sokoni vyao karibu milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto, na 2022 Marekani ikapitisha sheria ya kuvipiga marufuku.

Kwenye picha ya tangazo toa mito na midoli (najua inapendeza), maana mama atapanga alivyoona kwako. Mtoto analala chali, shuka iliyobana tu, chandarua kisimguse. Akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kitanda hicho basi. Mwambie akuletee, umtafutie mteja mwingine.