Sensa na kabila: Wakalenjin 'walitoka' wapi mwaka 1979?

Ukifungua jedwali la makabila la sensa ya Kenya ya 1969, hutakuta jina Kalenjin. Ukifungua la 1979, hawa hapa: watu 1,652,243. Je, kabila zima lilizaliwa ndani ya miaka 10?

Hapana. Watu walikuwepo, ila waliandikwa kila kundi kivyake: Kipsigis 471,459, Nandi 261,969, Tugen 130,249, pamoja na Keiyo (wakiitwa Elgeyo), Pokot, Marakwet na Sabaot. Mwaka 1979 wakatiwa kapu moja.

Sasa piga hesabu. Ukijumlisha makundi hayo saba ya 1969 unapata 1,190,203, sawa na asilimia 10.9 ya watu wote wa Kenya. Mwaka 1979 ni asilimia 10.8. Waliongezeka, ndiyo, lakini kwa kasi ileile ya nchi nzima. Kilichobadilika ni jina kwenye fomu.

Hapo ndipo wengi hukwama wanapolinganisha sensa za zamani. Namba ya kabila ikipanda au kushuka ghafla, haraka tunawaza uzazi, vifo au wahamiaji. Mara nyingi jibu liko kwenye orodha ya majina aliyopewa karani.

Na si mchezo wa namba tu. Sheria ya Kenya ya uwiano na utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sasa "kabila moja" ni lipi: Kipsigis au Kalenjin? Jibu lako linaamua nani amezidi na nani amepunjwa.

Zanzibar: Waswahili walipotelea wapi?

Wakati mwingine karani hana kosa, ni watu wenyewe wanaobadili jibu. Sensa ya Zanzibar ya 1924 ilikuta zaidi ya watu 33,000 waliojiita Waswahili. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000 hivi. Hakukuwa na tauni wala vita. Jina "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na chini ya ukoloni kabila lako liligusa hadhi na haki zako. Wengi wakajiandikisha kwa majina mengine, likiwemo Shirazi. Ni watu walewale, majirani walewale.

Kaskazini Mashariki: namba iliyogombewa

Hii ni ngumu zaidi. Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya ulikuwa na watu 962,143 mwaka 1999. Mwaka 2009 wakahesabiwa 2,310,757. Waziri wa mipango wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane, tano za mkoa huo na tatu za Turkana, akisema ongezeko hilo haliendani na uzazi na vifo. Viongozi wa eneo hilo wakaenda mahakamani. Kwao, kupunguziwa watu ni kupunguziwa fedha na viti bungeni.

Sensa ya 2019 ikazikuta Garissa, Wajir na Mandera na jumla ya watu 2,490,073. Ongezeko la asilimia 8 hivi, wakati nchi nzima iliongezeka asilimia 23. Matokeo hayo nayo yakapingwa kortini. Kwa hiyo ukiona mchoro unaodai Wasomali wa Kenya "wamelipuka" au "wamesimama", uliza kwanza ni sensa zipi mbili zimelinganishwa. Ukianzia 1999 unapata hadithi moja, ukianzia 2009 unapata nyingine kabisa.

Tanzania haiulizi tena

Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967. Tangu hapo, pamoja na ile ya 2022, swali hilo halimo. Mtafiti anaweza kufuatilia mkoa na wilaya, mahali pa kuzaliwa na uhamaji, lakini kabila hapana. Kwa hiyo ile picha inayozunguka WhatsApp yenye idadi kamili ya Wasukuma, Wachaga au Wahaya wa leo haijatoka kwenye sensa. Ni makisio ya mtu, hata kama yameandikwa hadi tarakimu ya mwisho.