Kosa Lilikuwa la Mwalimu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii niliikumbuka mwishoni mwa muhula, tulipoketi katika shule moja ya msingi huku Kuresoi kupima maendeleo ya wanafunzi katika masomo ya jamii.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwalimu husoma jina, kisha hutamka kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini. Mtaala wa umilisi umetuondolea mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini haukutuondolea mazoea yetu ya kusahihisha. Nilipolifikia jina la msichana mmoja wa Gredi ya Sita, nilisema: “Yuko chini.” Mwenzangu akaomba kuiona karatasi yake.

Swali lilitaka sababu tatu zinazowafanya watu kuhama. Mwongozo wangu ulitaja kazi, elimu na ardhi yenye rutuba. Msichana yule aliandika sababu moja tu: “Walichomewa nyumba.” Nami nilikuwa nimemtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Chumba kizima kilinyamaza. Nani kati yetu hakujua kwamba ghasia za mwaka 1992, na tena zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ziliwahamisha maelfu ya watu katika Molo na Kuresoi? Mtoto hakuwa amezaliwa. Labda aliyasikia mekoni kwa nyanya yake. Jibu lake nililijua, ila sikutaka kulisikia darasani.

Msomaji, Kuresoi yenyewe ni kitabu cha historia. Huko Olenguruone, mwaka 1941, serikali ya kikoloni ilizipa makao familia za Wakikuyu zilizotolewa katika nchi ya Wamaasai. Zilipoyakataa masharti yake ya kilimo, iliziondoa kwa nguvu. Na katika msitu wa Mau, Waogiek walifukuzwa mara nyingi, hata Mahakama ya Afrika ikaamua, Mei 2017, kwamba haki zao zilikiukwa. Ni wanafunzi wangapi wa hapa wanaoyajua haya? Tumewakaririsha safari za wavumbuzi wa Ulaya, tukawaficha safari za babu zao.

Wapo watakaosema kwamba tunatonesha vidonda. Siafiki. Mtoto atazisikia habari hizi kwa vyovyote. Asipozisikia kwa mwalimu, atazisikia kwa mwenye uchungu au mwenye kutafuta kura, na atasikia upande mmoja tu. Darasani huketi dawati moja na mtoto wa jirani ambaye nyanya yake ana masimulizi mengine. Ni wapi pengine ambapo masimulizi hayo mawili yatakutana bila rungu mkononi?

Nilimpa msichana yule alama yake moja. Mbili zilizosalia hakuzistahili, nami nilimweleza hivyo. Lakini muhula ujao kila mwanafunzi wangu atawauliza wazee wa kwao walitoka wapi na walifikaje Kuresoi, kisha majibu yote tutayasoma pamoja.

Walimu wenzangu, kabla ya kuandika kwamba mtoto yuko chini ya matarajio, na tuyapime kwanza matarajio yenyewe.