Kiputo, povu na bondo

Kiputo ni gesi iliyonaswa ndani ya kimiminika, au hewa iliyovikwa utando mwembamba wa maji. Viputo vikiwa vingi na kushikamana huitwa povu. Ufukweni mwa kisiwa cha Rusinga, Kenya, nguo zikifuliwa kando ya Ziwa Victoria, povu la sabuni huelea juani na kila kiputo hung'aa rangi za upinde wa mvua. Kadiri maji ya utando yanavyochuruzika kwenda chini, ngozi ile huzidi kuwa nyembamba, mwisho hupasuka.

Kipo kiputo kingine kisichoonekana mpaka samaki apasuliwe. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, ana mfuko wa gesi chini ya uti wa mgongo: ndio bondo. Humwezesha kutulia majini bila kuzama wala kuibuka. Akivutwa upesi kutoka kilindini, mgandamizo wa maji hupungua, gesi hutanuka na tumbo hufura. Mabondo hukaushwa na kusafirishwa hadi China, na kwa uzito bei yake huishinda mbali ile ya minofu.

Lakini viputo vilivyoipa Rusinga jina duniani vilitoka ardhini. Volkeno ya Kisingiri, iliyo ng'ambo tu ya kisiwa, ilipolipuka, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya mwamba wa moto ilitoka kwa kishindo, kama soda inavyofumka chupa ikifunguliwa. Viputo vilipopasuka viliurarua mwamba ule ukawa majivu, nayo majivu yakafukia wanyama na mimea. Ndiyo maana mwaka 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey aliweza kupata hapo fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Bila majivu hayo mifupa ingeoza.

Katika mazungumzo, anayefoka kwa hasira husemwa anatoa povu. Wachumi nao huita kiputo bei inayofura kupita thamani halisi ya kitu, kama hisa za kampuni ya South Sea zilivyofura Uingereza mwaka 1720. Kenya ilikiona chake katika kware, ndege ambaye Waluo humwita aluru na tangu zamani humnasa kwa mitego. Mwaka 2013 mayai yake yalisifiwa kuwa dawa, na watu wengi wakakimbilia kufuga. Wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya waliotaka mbegu. Walaji walikuwa wachache. Wafugaji wapya walipokwisha, mwaka 2014, bei iliporomoka.