Asali na Mtoto Mchanga

Wasikilizaji wetu, sote twaisifu asali, na sifa hizo ni haki yake. Kijiko kimoja hulainisha koo la mwenye kikohozi. Na kwa kuwa utamu wake wapita ule wa sukari, kidogo chatosha katika chai. Mwenye kisukari tu akumbuke kwamba asali nayo ni sukari.

Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asirambishwe asali kamwe. Huweza kuwamo mbegu za vijidudu, wala kuichemsha hakuziui. Tumboni mwa mkubwa hazidhuru. Katika utumbo mchanga huamka na kutoa sumu. Mtoto hufunga choo, hulegea, hushindwa kunyonya, hata kupumua. Huyo apelekwe hospitali upesi.

Basi, akina mama, twawasihi mngoje mwaka utimie. Asali haiozi.