Kiswahili na Ufafanuzi wa Vivutio vya Kitamaduni katika Ukanda wa Mpaka: Mfano wa Nabuyoga, Tororo na Busia

Ikisiri

Wasafiri wengi huupita ukanda wa Tororo na Busia bila kukaa, ilhali una vivutio vya kale na tamaduni hai zinazovuka mpaka wa Uganda na Kenya. Makala hii inaeleza vivutio hivyo, inabainisha namna mpaka unavyokigawa kinachopaswa kusomwa pamoja, na inajenga hoja kwamba ufafanuzi wa turathi kwa Kiswahili ni hitaji la kisera. Inahitimisha kwa mapendekezo yanayotanguliza ridhaa na kipato cha jamii zenye turathi hizo.

1. Utangulizi

Nabuyoga ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika eneo la Budama Magharibi ambalo ni kitovu cha Wajopadhola. Kwa mtunga sera aliye Kampala au Nairobi, eneo hili ni ujia wa malori yanayotoka Mombasa na kuvuka Malaba au Busia. Msafiri wa kitalii naye hulipita akielekea Jinja au mbuga za magharibi. Fedha yake hubaki alikoanzia na anakokwenda. Katikati huacha vumbi.

Makala hii inauliza: ni nini kinachozuia ukanda huu kuwa mahali pa kufikia badala ya kuwa mahali pa kupitia? Ni kweli kwamba barabara na hoteli zinahitajika. Hata hivyo, kivutio kisichoelezwa hakimsimamishi mtu, na maelezo hayatengani na lugha yanamotolewa.

2. Vivutio vya ukanda

Kivutio kinachoonekana kwanza ni Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kinafikia takribani mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Mwamba huu ni masalio ya volkeno ya kale iliyomomonyoka. Chanzo hichohicho cha kijiolojia ndicho kilichoupa ukanda mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji, pamoja na fosfeti ya vilima vya Sukulu. Hivyo mawe ya Tororo ni mandhari kwa mgeni na ni malighafi kwa mwenye kiwanda, na mipango ya utalii haiwezi kujadiliwa kana kwamba matumizi hayo mawili hayagusani.

Kivutio cha pili ni michoro ya miambani. Upande wa Kenya, katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia, ipo Kakapel, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Upande wa Uganda, kaskazini mwa Tororo, ipo Nyero katika Wilaya ya Kumi, yenye miduara inayozungukana kwenye kitovu kimoja, iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Maeneo haya mawili hunufaika yakisomwa pamoja, lakini mgeni hukutana nayo kama mali ya nchi mbili, yakisimamiwa na idara mbili.

Kakapel imepata uzito mpya wa kitaaluma. Matokeo ya uchimbaji wa kiakiolojia yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha punje ya kunde yenye umri wa takribani miaka 2,300, miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa kilimo cha mimea katika Afrika Mashariki. Wimbi nalo lilipatikana katika tabaka za angalau miaka 1,000 iliyopita. Mgeni aliyeelezwa hayo, kisha akaandaliwa kunde na ugali wa wimbi katika nyumba ya Nabuyoga, hataona chakula cha kawaida tu. Ataona mwendelezo wa historia.

Kivutio cha tatu ni tamaduni hai. Wajopadhola ni Waluo kwa asili ya lugha, na ujamaa wao na Waluo wa Kenya unasikika hata katika muziki: zeze la nyatiti la Kenya lina ndugu yake katika tongoli ya Padhola. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wamasaba wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma hufanya tohara katika miaka inayogawika kwa mbili, na msimu wa Imbalu hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, mwezi Agosti. Unywaji wa pamoja wa kinywaji cha wimbi, wazee wakizunguka chungu kimoja kwa mirija mirefu, ni desturi inayotambulika kwa Wajopadhola na kwa Wateso vilevile.

3. Mpaka na msafiri

Mgawanyiko huu una tarehe. Mnamo 1902 Waingereza waliuhamisha uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo haukufuata lugha wala koo.

Kwa upande wa kupita, vikwazo vimepungua. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka huohuo ilianzishwa viza ya pamoja ya utalii ya nchi hizo tatu, kwa dola 100 na muda wa siku 90. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, ili msafiri ahudumiwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Mtu anavuka kwa urahisi kuliko zamani, lakini maelezo hayajavuka pamoja naye. Leseni za waongoza watalii hutolewa na kila nchi kwa utaratibu wake. Mwongozaji aliyeanza kueleza Kakapel hana njia nyepesi ya kuikamilisha habari yake Nyero.

4. Lugha ya ufafanuzi

Kiswahili ndicho chombo kilichopo tayari. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mpakani hakikusubiri sheria. Ndiyo lugha ambayo mchuuzi wa Busia na dereva kutoka Mombasa hupatania bei.

Hata hivyo, uteuzi wa istilahi unahitaji uangalifu. Tuchukue mifano miwili. Kwanza, michoro ya Nyero na Kakapel huitwa mara nyingi “michoro ya mapangoni”. Neno pango humfanya mgeni atarajie shimo lenye giza, ilhali maeneo haya ni miamba iliyoinama na kuacha kivuli mbele yake. Anayefafanua kwa usahihi ataeleza kwa nini watu waliishi hapo: palikuwa na kinga ya mvua na mwonekano wa nyika. Pili, kongo ya Wajopadhola na ajon ya Wateso zikiitwa “pombe” tu, msikilizaji huona ulevi na kukosa nafasi ya kinywaji hicho katika upatanisho, mavuno na mazishi. Jina la wenyeji lihifadhiwe, na Kiswahili kitoe maelezo.

Hapa ndipo sera inapohusika. Ufafanuzi ukiwa wa Kiingereza pekee, mzee anayeijua desturi huwa mtoa habari, na mtu mwingine huwa msimulizi anayelipwa. Ukiwa pia wa Kiswahili, idadi ya wenyeji wanaoweza kusimulia wenyewe huongezeka, na mwanafunzi wa Bungoma au Kisumu huwa mgeni kamili.

5. Funzo kutoka Java

Mfano wa mbali unasaidia kuona hatari zilizopo mbele. Borobudur, hekalu la Kibudha katika kisiwa cha Java, Indonesia, liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Nyayo za wageni zilipolika mawe, mamlaka iliweka kikomo cha watu 1,200 wanaopanda kwa siku wakiwa na mwongozaji, huku wakivaa ndala maalumu ziitwazo upanat, zinazotengenezwa na mafundi wa eneo hilo. Hatua hiyo ililinda jiwe na kuleta kazi vijijini. Lakini pendekezo la mwaka 2022 la kupandisha kiingilio cha mgeni wa ndani hadi rupia 750,000 lilipingwa vikali na kuachwa.

Yapo mafunzo mawili. Kikomo cha wageni kinaweza kuwa chanzo cha kipato iwapo kitaambatanishwa na kazi ya wenyeji. Na bei inayomfungia nje mwananchi humwondolea sababu ya kuitunza turathi. Michoro ya miambani, ambayo mkono mmoja wenye makaa unaweza kuiharibu kwa dakika chache, inahitaji funzo la kwanza kabla wageni hawajaongezeka.

6. Hitimisho na mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba vivutio vya ukanda huu vinakamilishana na kwamba kutenganishwa kwake kunavipunguzia maana na thamani. Inapendekezwa, kwanza, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya Uganda ziandae matini moja ya Kiswahili kuhusu Kakapel na Nyero, itakayotumiwa pande zote mbili. Pili, mamlaka za utalii za nchi hizi mbili zitambue leseni ya mwongozaji wa mpakani kwa njia maalumu iliyokubaliwa. Tatu, Chuo Kikuu cha Busitema, kilicho katika ukanda huuhuu, kishirikiane na taasisi za kitamaduni kama Tieng Adhola kukusanya istilahi na simulizi, majina ya wenyeji yakihifadhiwa.

Nne, na muhimu zaidi, hafla za jando, mazishi na matambiko zisiingizwe katika ratiba ya utalii bila ridhaa ya familia husika. Kijana anayesimama mbele ya ngariba hasimami kwa ajili ya kamera. Jamii ikiwa na haki ya kukataa, itakachokubali kuonyesha kitakuwa chake, na mgeni atakuwa amekaribishwa kwa kweli.