Gumba la Mguu Likikataa Kukunjika

Waislamu wengi hulijua gumba lao vizuri wakiwa kwenye mkeka wa swala. Ukikaa tahiyatu, mguu wa kulia husimamishwa na vidole vikakunjwa kuelekea kibla. Gumba likikaza, mtu huanza kwa kuulaza mguu ubavu, mwisho anaomba kiti. Wengine hustukia wakipanda ngazi, au wakichuchumaa kufua.

Hukumu ya barazani haikawii: hilo jongo, acha nyama. Mgonjwa anaacha nyama, anaacha na maharage, miezi inapita na gumba liko vilevile. Inasikitisha, maana tofauti kati ya jongo na kiungo cha gumba kilicholika si ngumu kuijua. Jongo hupenda kiungo hichohicho, lakini huvamia ghafla, mara nyingi usiku. Kidole huvimba na kuwaka moto, hata shuka likikigusa ni mateso, kisha baada ya siku kadhaa hutulia. Maumivu ya kiungo kilicholika huja polepole, kwa miaka. Gegedu kwenye shina la gumba linakwisha, na juu ya kiungo kinaota kinundu cha mfupa ambacho unaweza kukipapasa kwa kidole. Kila kisigino kinapoinuka ili upige hatua, gumba hutakiwa likunjwe kuelekea juu, nacho kinundu hulizuia. Hapo ndipo uchungu unapochoma.

Basi mtu anakwenda kununua raba laini, yenye sponji nene, inayokunjika kama chapati. Huo ndio msaada usiofaa. Kiatu kikikunjika, gumba nalo hukunjika. Kiungo hiki kinataka kupumzishwa, na kinachokipumzisha ni ugumu: soli ya ndani yenye bamba jembamba, aghalabu la nyuzi za kaboni, linalopita chini ya gumba mpaka nchani. Bamba likiishia katikati ya wayo, halina kazi. Njia nyingine ni kiatu chenye soli ngumu iliyopinda kwa mbele, mguu ukabingirika juu yake bila gumba kujikunja.

Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu 100 wenye maradhi haya ya gumba. Waliovaa bamba gumu walipungukiwa na maumivu zaidi baada ya wiki 12 kuliko waliopewa soli za kuzugia. Gegedu halikuota upya, na hakuna soli inayoliotesha. Walichopata ni kutembea kwa nafuu, nacho si kidogo kwa muuguzi au mwalimu anayeshinda amesimama.

Ukienda kuchagua mtumba, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, ukikunje kiatu. Kikikubali kirahisi, kirudishe. Tazama pia nafasi ya mbele: kinundu kinahitaji kina, si upana tu, na mshono usipite juu yake. Viatu vya visigino virefu viache, maana vinalikunja gumba hata ukiwa umesimama tu.

Wataalamu wa kutengeneza soli hizi zenye bamba Tanzania tunao. Chuo cha TATCOT kilichopo Moshi, pale hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijiwekee bamba gumu kwa kukisia. Litamchubua asijue, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kumgharimu mguu. Yeye aanzie kwa mtaalamu.

Soli ikishindwa, upasuaji upo. Daktari huweza kukichonga kinundu ili gumba lipate nafasi ya kuinuka, na kiungo kilichokwisha kabisa huunganishwa mfupa kwa mfupa. Mwendo wa kiungo hicho hupotea moja kwa moja, lakini wengi huagana na maumivu. Kabla ya kukubali kisu, omba eksirei ipigwe ukiwa umesimama, uzito ukiwa mguuni, ili daktari aone ni kiasi gani cha kiungo kilichobaki.