Faili linafunguka, lakini nani kalisoma?

Swali ni lilelile: “Nimeweka preseed.cfg, faili la majibu ya kisakinishi, kwenye seva, na kwenye kivinjari linafunguka vizuri. Mbona Debian bado inaniuliza lugha na kibodi?” Kabla sijajibu, muulizaji huwa ameshapata dawa mtaani: ongeza mistari ya lugha, ihamishie juu kabisa ya faili, irudie kwa usalama.

Dawa hiyo haitibu chochote, na anayeiuza hajawahi kutazama kisakinishi kikifanya kazi. Kikiwashwa hakina mtandao. Kinauliza lugha, nchi na kibodi, kisha ndipo kinaamsha kadi ya mtandao, kinaomba anwani na kwenda kuchukua faili lako. Uandike mstari wa lugha mara moja au mara 20, jibu linafika swali likiwa limeshapita. Mipangilio ya mtandao nayo ni vivyo hivyo: faili lililosafiri juu ya mtandao haliwezi kuamua mtandao huo uwashwe vipi. Majibu ya namna hiyo yanakaa kwenye mstari wa kuwashia: auto=true huahirisha lugha na kibodi hadi faili lifike, priority=critical huzuia maswali yasiyo ya lazima, hostname= hutaja jina la mashine, na url= huonyesha faili lilipo.

Na hicho kivinjari tukiache. Kimekuthibitishia kwamba seva inaitikia kompyuta yako, basi. Hata debconf-set-selections -c, ambayo angalau ni chombo cha kazi, hukagua umbo la mistari tu. Haijui kwamba umeandika /dev/sda wakati diski ya mashine ni NVMe na inaitwa /dev/nvme0n1. Haijui kwamba umesahau partman/confirm. Nimewahi kuingia asubuhi kwenye chumba cha mafunzo nikakuta kila skrini imesimama pale pale, inasubiri mtu athibitishe kuandika kwenye diski. Usiku mzima umepotea kwa mstari mmoja ambao jaribio moja la kweli lingeufichua.

Jaribio la kweli ni kusakinisha. Tengeneza mashine pepe ya QEMU yenye diski tupu, simama kwenye folda yenye faili, endesha python3 -m http.server 8000, kisha elekeza url= kwenye http://10.0.2.2:8000/preseed.cfg, maana 10.0.2.2 ndiyo anwani ambayo mashine ya QEMU huiona kompyuta yako kwa mtandao wake wa kawaida. Tazama dirisha la seva. Ombi halikuja? Kosa liko kwenye mstari wa kuwashia au mtandao. 404? Jina au njia. 200 na bado inauliza? Sasa ndiyo fungua faili, na anza na nafasi: kati ya aina na thamani iwe moja tu, ya ziada huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Kwenye kisakinishi cha maandishi, Alt+F4 ina kumbukumbu, Alt+F2 ina ganda la amri. Diski ya virtio ya QEMU itaitwa /dev/vda, kwa hiyo maliza kwa mashine moja halisi isiyo na data ya mtu. Nenosiri liandike kwa hashi, kwani yeyote kwenye mtandao huo anaweza kulisoma faili. Seva za Ubuntu tangu 20.04 zinatumia autoinstall, usizipelekee preseed. Futa diski ya majaribio, rudia mpaka ifike mwisho bila wewe kugusa kibodi.